Nyumba ya Kiswahili iandikiwe kanuni, picha hazitoshi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuchangie mjadala kuhusu nyumba za Kiswahili, zile za korido ya kati yenye vyumba pande mbili na ua nyuma, zinazobomolewa Kariakoo, Ilala na Magomeni kupisha maghorofa. Waliotutangulia wametaka nyumba hizo zipigwe picha kabla hazijaisha, na wengine wametaka chache zipimwe na ramani zake ziwekwe mahali salama. Hatuna ubishi na hilo. Lakini ramani kumi zilizofungiwa kabatini zinaeleza nyumba kumi tu. Hazisemi nyumba ya kumi na moja ingekuwaje, wala hazisemi kwa nini kuna nyumba yenye korido na vyumba sita kamili ambayo fundi mzoefu akiitupia jicho mara moja atakataa kwamba ni ya Kiswahili. Kinachomwezesha kukubali hii na kukataa ile ni kanuni, na kanuni hizo ziko kichwani mwake, hazijaandikwa popote. Wasanifu wa majengo wana njia ya kuziandika, inaitwa sarufi ya maumbo. Barua yetu ni ndefu kwa sababu tunataka kuonyesha kazi yenyewe inavyofanyika.

Njia hii waliianzisha George Stiny na James Gips mwaka 1971, tena kwa ajili ya uchoraji na uchongaji. Iliingia kwenye ramani za majengo mwaka 1978, Stiny na William Mitchell walipoandika kanuni za majumba ya mashambani ya Palladio, msanifu wa Italia wa karne ya 16. Mwaka 1981 Hank Koning na Julie Eizenberg walifanya hivyo kwa nyumba za Frank Lloyd Wright kule Marekani. Kwetu sisi kazi ya kuitazama zaidi ni ya Gülen Çağdaş ya mwaka 1996 kuhusu nyumba za jadi za Uturuki, kwa sababu nyumba zile nazo zimepangwa kuzunguka ukumbi ambao vyumba vyote vinafungukia, na walizijenga mafundi wa kawaida, wala si msanifu mmoja mwenye jina.

Sarufi ya maumbo ina vitu vinne: maumbo, alama zinazobandikwa kwenye maumbo, kanuni, na umbo la kuanzia. Kila kanuni ina upande wa kushoto, mshale, na upande wa kulia. Inasomwa hivi: ukiliona umbo la kushoto mahali popote ndani ya mchoro, hata kama limezungushwa, limepinduliwa kama kwenye kioo, limekuzwa au limepunguzwa, una ruhusa ya kulifuta na kuweka la kulia mahali pake, nalo likiwa limezungushwa au kukuzwa vivyo hivyo. Ni ruhusa, hulazimiki. Ndiyo maana kanuni zile zile huzaa nyumba tofauti. Alama hazimo kwenye nyumba iliyokamilika. Ni kama vigingi na kamba za fundi, zinaonyesha wapi kazi inaendelea na wapi imefungwa, mwisho zinang'olewa zote.

Tukija kwenye nyumba yetu, swali la kwanza ni kuanzia wapi. Wengi huanza na mstatili wa kuta za nje kisha wanaugawa ndani, na sarufi ya Palladio nayo huanza na gridi na kuta za nje. Inavutia, kwa kuwa hata fundi anaposeti msingi huanza na pembe nne za nje. Sisi tunashauri isiwe hivyo. Zipo nyumba zenye vyumba vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na karibu kila nyumba ya Kiswahili huongezwa baadaye. Ukianza na mstatili, kila nyongeza inavunja kanuni yako ya kwanza. Mpangilio wa sarufi haulazimiki kufuata mpangilio wa ujenzi; unalazimika kutoa ramani sahihi tu. Kwa hiyo umbo la kuanzia liwe mstari mmoja, yaani ukingo wa kiwanja unaotazama mtaa, ukiwa na alama M.

Kanuni ya korido inageuza M kuwa mstatili mwembamba unaoingia ndani kutoka mtaani, upana futi 4 hadi 6, na mwisho wake wa ndani unabandikwa alama K, yaani nyumba bado inakua. Mipaka hiyo miwili ina sababu. Chini ya futi 4 kitanda hakikati kona kuingia chumbani, na watu wawili wenye ndoo hawapishani. Juu ya futi 6 watu huanza kuweka viti, korido inageuka sebule, na hiyo ni aina nyingine ya nyumba inayodai kanuni zake. Tunasisitiza: kila kipimo kinachobadilika kiandikwe pamoja na sababu ya mipaka yake. Bila sababu, atakayeirithi sarufi hatajua kama namba ni ya lazima au ilitokana tu na nyumba zilizopimwa siku ile.

Kanuni ya jozi ndiyo moyo wa nyumba. Inapoiona K mwisho wa korido, inaongeza chumba kushoto na chumba kulia, inakibandika kila kimoja alama V, yaani chumba bado hakina mlango, kisha inaisogeza K mbele kwa urefu wa chumba. Itumie mara tatu, unapata vyumba sita. Tuchukue vyumba vya futi 10 kwa 10, korido ya futi 5 na kuta za inchi 6. Upana wa nyumba ni 10 na 5 na 10, jumlisha kuta nne ambazo ni futi 2, jumla futi 27. Urefu ni vyumba vitatu futi 30, jumlisha kuta nne futi 2, jumla futi 32. Kwenye kiwanja cha mfano cha futi 40 kwa 80, ukiweka na baraza ya futi 4 mbele, nyuma zinabaki futi 44 za ua na banda la uani. Ukiitumia kanuni mara ya nne zinabaki futi 33 na nusu. Hakuna kinachokataza jozi ya tano kwenye karatasi, na hapo ndipo sarufi nyingi za wanafunzi huharibika: zinazaa treni ya vyumba kumi yenye korido ya giza, kwa maana korido hupata mwanga kwenye ncha zake mbili tu. Dawa yake ni K ibebe hesabu. Ikifika mara nne kanuni ya jozi inakoma kufanya kazi, inabaki kanuni ya kufunga, ambayo inaifuta K, inaweka mlango wa nyuma na kuacha alama U ya uani. Kwa nyumba za pande zisizolingana ipo kanuni nyingine inayoongeza chumba kimoja, kushoto au kulia.

Sasa milango. Hapa anayeanza huumia, na sababu yake ni ulinganifu. Chumba cha mraba kisicho na alama kinaweza kuoanishwa na upande wa kushoto wa kanuni kwa njia 8: mizunguko minne, na kila mzunguko una pacha wake wa kioo. Mstatili usio mraba una njia 4. Maana yake kanuni yako ya mlango, uliyoichora vizuri ikifungukia korido, itakubali pia kuweka mlango kwenye ukuta wa nje, au kwenye ukuta wa chumba cha jirani ili mpangaji apite chumbani kwa mwenzake. Kompyuta haioni kosa lolote hapo, umeiruhusu mwenyewe. Alama V isikae katikati ya chumba. Iweke karibu na ukuta wa korido na karibu na kona ya mbele, ila isikae juu ya mshazari wa chumba. Hapo njia inabaki moja. Tena kanuni ya mlango iifute V inapomaliza na kuweka P, yaani chumba kimekwisha kupata mlango, la sivyo itaendelea kuweka mlango juu ya mlango bila mwisho.

Kwa nini kona ya mbele? Pima mwenyewe. Ukuta wa futi 10, mlango wa futi 3. Ukiuweka katikati, kila upande zinabaki futi 3 na nusu, na kitanda hakikai popote kwenye ukuta ule. Ukiuweka nusu futi kutoka konani, upande wa pili zinabaki futi 6 na nusu, na kitanda cha futi 6 kinaegama. Kwenye chumba anamoishi mtu na familia yake yote, futi hizo zina thamani kuliko sura ya korido.

Kuna jambo la mafundi ambalo sarufi hulieleza vizuri. Jozi ikipinduliwa kama kwenye kioo, milango miwili hutazamana, na mlango ukiwa wazi wapangaji wanaonana hadi kitandani. Ndiyo kazi ya pazia. Fundi mwingine huupeleka mlango wa kulia kona ya nyuma. Kwa lugha ya maumbo huyo hakutumia kioo, alizungusha nusu duara kuzunguka katikati ya korido. Kanuni ni ile ile, ugeuzaji ndio tofauti. Ukipima mtaa mzima ukaandika kila nyumba imetumia kioo au mzunguko, utajua mengi kuhusu nani alijifunza kwa nani kuliko picha elfu za milango.

Madirisha hatutayaongelea sana: kila chumba kipate moja kwenye ukuta wa nje, vya mbele vitazame mtaa. Vyumba vya kati havina uchaguzi ila uchochoro wa pembeni, na jirani akijenga hadi mpakani, hewa imekwisha. Kwa hiyo mstari wa mpaka wa kiwanja lazima uwemo ndani ya mchoro tangu mwanzo, na kanuni ya dirisha idai nafasi kati ya ukuta na mpaka. Sisi tunaweka futi 3 kama kiwango cha chini cha sarufi. Masharti ya manispaa ni habari nyingine, yasichanganywe na kanuni za umbo.

Chumba na sebule ni kanuni fupi yenye matunda mengi. Kushoto: vyumba viwili vinavyofuatana upande mmoja, kila kimoja kina alama P. Kulia: vyumba vile vile, ukuta wa kati umetobolewa mlango, alama zimegeuka S. Kwa kuwa S si P, chumba kilichokwisha kuunganishwa hakiungwi tena, na huwezi kupata vyumba vitatu vya kupitana. Hebu tuhesabu. Upande wenye vyumba vitatu una njia 3: usiunge, unga viwili vya mbele, au unga viwili vya nyuma. Pande mbili ni 9, na ukihesabu ramani na pacha wake wa kioo kuwa moja, zinabaki 6. Nyumba ya jozi mbili inatoa 3, ya jozi nne inatoa 15. Jumla ramani 24, na bado hatujagusa duka.

Duka tulitazame kwa karibu kwa sababu ndilo badiliko la kawaida kuliko yote. Upande wa kushoto wa kanuni: chumba cha mbele, dirisha linalotazama mtaa, mlango wa korido. Upande wa kulia: dirisha limeondoka, mahali pake pamekuja mlango mpana au dirisha kubwa la kuuzia, na kipande cha baraza mbele yake kimekuwa sehemu ya duka. Mlango wa korido una hatima mbili, kwa hiyo hizi ni kanuni mbili. Mwenye nyumba akiuza mwenyewe, mlango unabaki ili aingie na kutoka ndani. Duka likipangishwa, mlango unazibwa kwa tofali, na mara nyingi fremu yake huachwa ukutani. Anayepima asipoiona fremu hiyo ataandika kwamba chumba hiki hakikuwahi kufungukia korido, kisha ataunda kanuni ya uongo ili kukieleza.

Hapo tunaingia kwenye kosa kubwa kuliko yote ya kazi hii: kuchanganya nyumba ilivyozaliwa na nyumba ilivyokua. Sarufi iwe na makundi mawili ya kanuni, na anayepima aandike kila ukuta ni wa kundi gani. Ishara zipo. Ukuta ulioongezwa hauna tofali zilizong'atana na ukuta wa zamani, na plasta hupasuka wima mahali pa kiungo. Saizi ya tofali hubadilika. Paa la nyongeza mara nyingi lina mteremko mmoja, limeegemezwa chini ya paa kuu. Sakafu hupanda au hushuka inchi kadhaa. Ukiona dirisha linalotazama ndani ya chumba kingine, kile cha pili kimekuja baadaye, hakuna mjadala.

Uani ndiko nyumba hukua zaidi. Kanuni ya kuzaliwa inaweka ukuta wa ua, jiko na stoo upande mmoja, choo na bafu kwenye kona ya mbali kabisa na mlango wa nyuma. Umbali huo ni wa harufu na wa staha, lakini una gharama: shimo likijaa, bomba la gari la kunyonya lazima lipite uchochoroni au ndani ya korido. Kwa hiyo kanuni ya choo ichunguze kama upande ule uchochoro upo. Baadaye kanuni za kukua zinaongeza chumba baada ya chumba kwenye banda la uani, kutoka kushoto na kutoka kulia, mpaka katikati kunabaki kisima cha mwanga ambacho hakuna kanuni iliyokichora. Umbo hilo limejitokeza lenyewe kutokana na mabaki. Watu hulitumia: wanapikia hapo, wanaanika nguo, wengine wanaliezeka na kulipangisha. Sarufi ya maumbo ina nguvu hapa kuliko njia nyingine, kwani kanuni inatafuta umbo lililopo kwenye mchoro, haiulizi nani alilichora. Miraba miwili ikipandana konani, mraba mdogo wa tatu unaonekana, nao una haki ya kutumiwa na kanuni.

Kwenye kompyuta jambo hilo hilo ni kichomi. Ukuta wa kushoto wa korido fundi anauona mmoja, futi 32. Programu iliyoujenga kwa jozi tatu imeuhifadhi kama vipande vitatu. Ukiiambia itafute ukuta wa futi 20 itasema haupo. Kabla ya kila utafutaji, vipande vyote vilivyo kwenye mstari mmoja na vinavyogusana viunganishwe kuwa mstari mmoja mrefu. Pili, nyumba halisi hazina pembe mraba kamili, na kulinganisha vipimo kwa usawa kamili kutakunyima kila kitu. Weka kiasi cha kuvumilia, inchi 2 zinatosha kwa nyumba za tofali; za udongo na fito zinahitaji zaidi. Asiye na programu asikate tamaa: karatasi ya kuchorea inayoonyesha, penseli na kifutio vinatosha kabisa kwa nyumba ishirini.

Mwaka 1981 Stiny alionyesha pia kwamba kila kanuni inaweza kubeba maelezo yanayojihesabu yenyewe. Kwetu faida ni ya moja kwa moja. Kila jozi inapoongezwa, andika vyumba jumlisha 2, milango jumlisha 2, madirisha jumlisha 2. Andika na tofali. Jozi moja ya vyumba vya futi 10, ukipima katikati ya kuta, ina ukuta mpya wa futi 63. Kwa kimo cha futi 9 ni futi za mraba 567. Toa milango miwili ya futi 3 kwa 7 na madirisha mawili ya futi 4 kwa 4, zinabaki 493. Tofali la inchi 18 kwa 9 pamoja na udongo wa nusu inchi linafunika futi za mraba 1.22. Hivyo jozi inakula tofali 404 kabla ya zinazovunjika. Kanuni ya choo nayo isome hesabu ya vyumba, kwa sababu choo kimoja kwa vyumba sita na choo kimoja kwa vyumba kumi na viwili si nyumba moja, hata kama umbo ni lile lile.

Kuhusu kupima, machache. Chukua nyumba 15 hadi 20 za mitaa tofauti, tano uzifungie pembeni usizitumie kuandika kanuni. Kila chumba pima pande nne na mishazari yote miwili. Bila mishazari, mchoro hautafunga. Korido ipimwe kwa utepe mmoja uliolazwa kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, usome kila kona bila kuunyanyua, maana ukipima kipande kwa kipande makosa yanajumlishana. Unene wa ukuta upimwe kwenye mlango, pamoja na plasta. Kabla ya yote pata idhini ya serikali ya mtaa na ya mwenye nyumba, na uani usiingie hata kwa idhini hizo mpaka kina mama waliopo waitikie hodi.

Kisha jaribu. Stiny na Mitchell waliweka vigezo vitatu: sarufi ieleze kinachoziunganisha nyumba ulizonazo, iweze kuamua kama nyumba mpya ni ya ukoo ule, na iweze kubuni nyingine. Cha kwanza ni rahisi, mtu akiandika kanuni moja kwa kila nyumba atakifaulu na hatakuwa amesema lolote. Zile nyumba tano zilizofungiwa ndizo kipimo cha pili. Kwa cha tatu, zaa ramani 20, zichanganye na 20 za kweli, wape mafundi watatu bila kuwaambia zipi ni zipi. Wakikataa moja, waulize ukuta gani umewakera. Jibu lao ndilo kanuni uliyokosa.

Wapo pia wanaotaka sarufi moja ya nyumba zote za pwani, pamoja na za mawe za Mji Mkongwe na Lamu. Haitawezekana. Nyumba za mawe zina vyumba virefu vyembamba kwa sababu upana ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, takriban futi 9, huku urefu wa chumba ukiwa huru. Pale kanuni huanzia kwenye upana wa boriti na ua wa ndani, siyo kwenye korido.

Mwisho, maghorofa yenyewe. Wanaochora ghorofa la Kariakoo wakitaka ndani yake pawe na kitu cha nyumba iliyobomolewa, kanuni ya korido, ya jozi na ya chumba na sebule zinapanda juu bila shida. Inayokwama ni ya U, kwa sababu ghorofa ya tatu haina ardhi ya uani. Kwenye ramani nyingi alama hiyo inafutwa kimya kimya, halafu mkaa unawashwa kwenye ngazi na nguo zinaning'inia mbele. Kanuni mbadala ipo: mwisho wa korido, upande wa nyuma, iwekwe roshani ya wazi ya zege yenye upana usiopungua futi 6, yenye bomba la maji na mfereji wa kutolea maji machafu, inayofikiwa kutoka korido na siyo kutoka chumba cha mtu. Futi 4 hazitoshi: jiko, ndoo na anayepika vikishakaa, mwingine hapiti. Gharama yake ni eneo la takriban nusu chumba kwa kila ghorofa, na tunaomba wenye viwanja wanaobisha watuletee ramani zao tuhesabu pamoja.

Wasanifu wawili wa majengo na mpima ramani,
Dar es Salaam